Mita Ilisoma 1.8, Saladi Zikawa na Njaa: Kisa cha Maji ya Bomba Yatokayo Kwenye Matumbawe

Shamba lenyewe ni dogo: kitalu nyumba kimoja cha neti, mabomba meupe ya PVC yaliyotobolewa matundu ya miche, tangi la lita 1,000 na pampu inayozungusha maji kutwa kucha. Liko kusini mashariki mwa Unguja, kwenye ardhi ya maweni, pale jiwe la matumbawe linapotokeza juu na udongo ukabaki vishimoni kati ya mawe. Mwenye shamba aliingia kwenye haidroponiki, kilimo cha kwenye maji bila udongo, kwa sababu hiyo hiyo: jembe haliingii. Wanunuzi wake ni hoteli za ufukweni, ambazo bila yeye hununua saladi zilizovuka bahari kutoka bara.

Miche ilishika vizuri. Kasoro zilianza wiki ya pili baada ya kuhamishia kwenye mabomba, na zilikuja nyingi kwa pamoja. Majani machanga ya katikati yalikuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Majani ya chini yalipauka. Kingo za majani ya ndani ziliungua na kuwa kahawia. Vichwa vilidumaa. Chini ya tangi kulikuwa na unga mweupe kama chokaa, na unga huo ulikuwa umeanza kuganda kwenye vitobo vya kupitishia maji. Zaidi ya yote, pH, kipimo cha uasidi wa maji, haikutulia: jioni aliishusha hadi 6 kwa unga wa asidi ya sitriki, asubuhi ya pili ikawa karibu 7.8.

Kila mtu alimpa ushauri wa tatizo moja moja. Kwa kingo zilizoungua aliambiwa anyunyize kalsiamu. Kwa njano ya juu aliambiwa aongeze madini chuma. Kwa kudumaa aliambiwa miche ni mibovu. Yeye mwenyewe alikuwa na daftari safi, EC ya kila jioni (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka, kwa millisiemens kwa sentimita) imeandikwa, na swali lake kwangu lilikuwa la haki kabisa: "Kaka, mfuko wa mbolea unasema 1.6 mpaka 1.8, na mita yangu haijawahi kushuka chini ya 1.8. Hizi zina njaa ya nini?"

Swali ambalo daftari halikuwa na jibu lake lilikuwa moja: kabla hujatia hata chembe ya mbolea, maji ya bomba peke yake yanasoma ngapi? Tulipima pale pale. 0.78.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Mita ya EC hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kinachopitisha umeme ni chumvi yoyote iliyoyeyuka. Ni kama mlinzi wa mlangoni anayehesabu vichwa bila kuuliza majina: naitreti inahesabiwa, na sodiamu ya bahari inahesabiwa vile vile. Kwa hiyo alipokuwa akikoroga mbolea mpaka mita isome 1.8, karibu nusu ya safari ilikuwa imeshakamilishwa na maji yenyewe. Mbolea aliyotia ilitosha kuongeza 1.0 tu. Mfuko ule umetungwa kwa maji yasiyo na kitu, na dozi yake kamili ndani ya maji kama hayo husoma takriban 1.6. Mimea yake ilikuwa inakula kama asilimia 62 ya chakula chake.

Sasa, wapo watakaosema dawa ni rahisi: jumlisha. 0.78 ya maji na 1.6 ya mfuko ni karibu 2.4, koroga mpaka hapo. Huo ndio ushauri wa kwanza ambao watu hupeana, na naupinga kwa nguvu zote. Ili kuona kwa nini, lazima tujue ndani ya 0.78 kuna nani.

Alipeleka sampuli maabara. Ripoti ilirudi na namba ambazo kwa mtu wa maji ya kunywa zinatosha kabisa, lakini kwa mkulima zinahitaji kufasiriwa: ugumu wote 286, ugumu wa kalsiamu 225, alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi) 250, zote kwa miligramu kwa lita zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kisha sodiamu 46, potasiamu 4, kloridi 71, salfeti 24, naitreti 20.

Ugumu "kama kalsiamu kaboneti" si kalsiamu. Kupata kalsiamu halisi, zidisha ugumu wa kalsiamu kwa 0.4: 225 inakuwa miligramu 90 kwa lita. Ukitoa 225 kwenye 286 inabaki 61, ambayo ni ya magneziamu; zidisha kwa 0.243, unapata 15. Alkaliniti 250 ukiigawa kwa 50 unapata milimoli 5.0 za baikaboneti kwa lita, sawa na miligramu 305. Naitreti 20 ina naitrojeni 4.5 tu, na salfeti 24 ina salfa 8. Ripoti ikikuletea ugumu wote bila kutenga kalsiamu na magneziamu, rudi kaombe vitengwe, kwa sababu mimea haili "ugumu".

Kabla ya kuiamini ripoti yoyote, ipime yenyewe kwa yenyewe. Chaji chanya na chaji hasi ndani ya maji lazima zilingane, na kuzipata unagawa kila namba kwa uzito unaobeba chaji moja. Kwa upande wa chanya, kalsiamu 90 gawa kwa 20 ni 4.5, magneziamu 15 gawa kwa 12.15 ni 1.23, sodiamu 46 gawa kwa 23 ni 2.0, potasiamu ni 0.1, jumla 7.8. Kwa upande wa hasi, baikaboneti 5.0, kloridi 71 gawa kwa 35.5 ni 2.0, salfeti 24 gawa kwa 48 ni 0.5, naitreti 20 gawa kwa 62 ni 0.3, jumla 7.8. Zimelingana. Tena 7.8 ukiigawa kwa 10 unapata 0.78, namba ile ile ya mita, maana kwa maji ya namna hii kila chaji kumi huleta EC ya takriban 1. Ripoti ambayo pande zake mbili zimepishana sana ina kosa mahali, na hesabu yoyote utakayoijenga juu yake itaanguka.

Namba hizi hazishangazi kwa anayeijua ardhi ile. Mvua huingia kwenye nyufa za matumbawe, hubeba kaboni dayoksaidi ya udongoni, na asidi ile dhaifu huyeyusha jiwe taratibu. Kinachotoka kisimani na kufika bombani ni jiwe lililoyeyuka: kalsiamu upande mmoja, baikaboneti upande wa pili. Sodiamu na kloridi zimekuja kwa uwiano sawa, 2.0 kwa 2.0, ambayo ni alama ya bahari. Wenyeji waliyajua maji haya kabla ya maabara: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika la chai hujenga ukoko mweupe ndani.

Turudi kwenye tangi lake. Mfuko, kwa dozi kamili ya 1.6, ulikusudia kuleta naitrojeni 150, fosforasi 40, potasiamu 200, kalsiamu 150 na magneziamu 40, zote miligramu kwa lita. Kwa saladi ni lishe nzuri. Kwa asilimia 62, ukijumlisha na kilichokuwa kwenye maji, saladi zake zilipata naitrojeni 98, fosforasi 25, potasiamu 129, kalsiamu 184 na magneziamu 40. Soma tena namba hizo. Kalsiamu ilizidi lengo huku naitrojeni na potasiamu zikiwa theluthi moja pungufu. Majani ya chini yalipauka kwa sababu naitrojeni ikiwa haba mmea huihamisha kutoka kwenye majani mazee kwenda machanga.

Na kingo zilizoungua? Watu wengi wakiona kingo za ndani za saladi zimeungua hutamka kalsiamu, na kweli ni kalsiamu iliyokosekana ndani ya jani. Lakini kukosekana ndani ya jani si kukosekana ndani ya tangi. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kufuata jani linalotoa jasho, na majani machanga yaliyofunikwa katikati ya kichwa hutoa jasho kidogo mno, hasa kwenye hewa nzito ya pwani isiyotembea. Tangi lilikuwa na 184. Kuongeza nyingine hakukuwa na maana yoyote. Kilichohitajika pale ni upepo ndani ya kitalu na kupunguza joto la mchana. Na hili ndilo kosa la ushauri wa kujumlisha mpaka 2.4. Ukifika hapo naitrojeni inakuwa 154 na potasiamu 204, sawa, lakini kalsiamu inapanda hadi 240, magneziamu 55, na chumvi nzima inakuwa nzito kiasi cha mizizi kupata taabu kuvuta maji kwenye joto. Kingo zitaungua zaidi. Umelipia mbolea zaidi ili kuleta ugonjwa ule ule.

Njano ya majani machanga ilikuwa na chanzo kingine, nacho kilikuwa namba ambayo mfuko hauitaji kabisa: baikaboneti.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi hudhani pH ya maji ndiyo adui. Maji ya kisima kile yalikuwa na pH 7.6, ambayo peke yake haitishi. Maji yenye pH 7.6 na baikaboneti kidogo hushuka kwa matone machache ya asidi na kutulia. Maji yenye pH 7.6 na baikaboneti 5.0 hupigana. Kila chembe ya asidi unayotia humezwa na baikaboneti na kugeuka maji na kaboni dayoksaidi, na pH haishuki sawasawa mpaka uwe umeimaliza karibu yote. Yeye alikuwa akitia asidi ya sitriki. Inashusha pH jioni, lakini sitriki ni chakula cha bakteria. Wakiila, uwezo ule wa kupigana unarudi pale pale, na asubuhi mita inasema 7.8. Siki na maji ya ndimu hufanya vivyo hivyo. Kwenye tangi kubwa linalozunguka, asidi za jikoni hazina kazi.

Kwenye pH ya 7.8 mambo mawili hutokea. Kalsiamu na fosfeti hushikana na kuzama: huo ndio unga mweupe, na ndani yake kuna fosforasi aliyoinunua kwa fedha. Pia madini chuma ya kwenye mfuko wake yalikuwa ya keleti (kishikio cha chuma) ya aina ya EDTA, ambayo hushika chuma vizuri pH ikiwa chini ya 6.5 hivi, ikipanda zaidi, kalsiamu nyingi humsukuma chuma atoke, naye huganda na kuwa kutu isiyoliwa na mzizi. Jani changa hukosa chuma, njano huanzia juu. Kuongeza chuma zaidi kwenye maji yale ilikuwa kulisha unga wa chini ya tangi.

Sasa tuandike hesabu upya, kwa kuanza na maji. Lengo linabaki lile lile: naitrojeni 150, fosforasi 40, potasiamu 200, kalsiamu 150, magneziamu 40. Tunaandika kwanza kilichopo: naitrojeni 4.5, potasiamu 4, kalsiamu 90, magneziamu 15, salfa 8. Mbolea yake ya mfuko, inayokuja kwa sehemu mbili za A na B, haifai tena, kwa kuwa kalsiamu na naitrojeni zimeshafungwa pamoja ndani yake na huwezi kupunguza moja bila nyingine. Inabidi kununua chumvi moja moja, zile zinazouzwa kwa wakulima wa maua na mboga kwenye maduka ya pembejeo bara.

Tunaanza na asidi, si na mbolea. Baikaboneti ni 5.0, tunaacha 0.7 ili pH isiwe nyepesi kuyumba, na tunaondoa 4.3. Tukiondoa zote kwa asidi ya fosfori, fosforasi itafika 133, zaidi ya mara tatu ya inayotakiwa. Kwa hiyo asidi ya fosfori inatumika mpaka fosforasi ifike 40 tu: hiyo ni milimoli 1.3, karibu mililita 88 za asidi ya asilimia 85 kwa tangi la lita 1,000. Milimoli 3.0 zinazobaki zinatoka kwenye asidi ya naitriki, kama mililita 230 za ile ya asilimia 60, nazo zinaleta naitrojeni 42. Wengi huliruka jambo hili: asidi ni mbolea. Usipoihesabu, utatia naitrojeni na fosforasi mara mbili.

Kisha kalsiamu. Pengo ni 60. Kalsiamu naitreti ya dukani ina kalsiamu asilimia 19 na naitrojeni 15.5, kwa hiyo gramu 316 zinatosha, nazo zinaleta naitrojeni 49. Angalia tofauti: mtu asiyehesabu maji angetia gramu 789. Magneziamu, pengo ni 25, gramu 255 za magneziamu salfeti, salfa 33 juu yake. Naitrojeni bado inahitaji kama 54. Gramu 419 za potasiamu naitreti zinaimaliza na kuleta potasiamu 160. Potasiamu iliyobaki, 36, inatoka kwenye gramu 87 za potasiamu salfeti. Salfa yote inafika 57, kiwango kizuri. Madini chuma tulibadilisha kwenda keleti ya DTPA, ambayo huvumilia pH hadi kama 7: gramu 18 za ile yenye chuma asilimia 11 zinatoa miligramu 2 kwa lita. Madini mengine madogo yanatoka kwenye mchanganyiko wake wa kawaida.

Jumlisha chaji za tangi hili jipya upate EC yake. Kalsiamu 7.5, magneziamu 3.3, potasiamu 5.1, sodiamu 2.0, amonia kidogo iliyomo ndani ya kalsiamu naitreti: jumla kama 18. EC ni 1.8.

Yaani namba ile ile iliyokuwa imejaa kwenye daftari lake. Tangi la zamani lilisoma 1.8 na naitrojeni 98. Jipya linasoma 1.8 na naitrojeni 150. Hakuna mita ya EC duniani inayoweza kukutofautishia matangi hayo mawili. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza kwamba mita ya EC ni ya kukagua kazi iliyokwishafanywa kwa mizani na karatasi, si ya kuifanya kazi hiyo. Na anayetumia mita ya ppm ana mtego wa ziada: ipo inayozidisha EC kwa 500 na ipo inayozidisha kwa 700, kwa hiyo maji haya haya ya bomba yatasoma 390 kwa moja na 546 kwa nyingine. Hizo si miligramu za kitu chochote.

Utaratibu wa kuchanganya una uzito sawa na vipimo. Maji kwanza, asidi ya pili, koroga na uache hewa itoke kwa saa kadhaa, maana povu lile ni kaboni dayoksaidi na pH itapanda kiasi ikishatoka. Ndipo zifuate salfeti na potasiamu naitreti zilizoyeyushwa kwenye ndoo yake, na kalsiamu naitreti mwisho kutoka ndoo nyingine. Ukianza na mbolea ukamalizia na asidi, fosfeti ya asidi hukutana na kalsiamu nyingi wakati pH bado iko juu, nazo hushikana. Asidi hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi kwenye asidi; glavu, miwani na mahali pa wazi, na chupa zifungiwe mbali na watoto. Asidi ya naitriki inaunguza ngozi na mvuke wake unaumiza mapafu. Sioni haya kulirudia hili kila ninapofika shambani.

Ugumu wa kweli ulikuwa hapo hapo. Asidi ya naitriki haipatikani ovyo, na mwenye shamba hakutaka kuiweka nyumbani penye watoto. Nilikubaliana naye. Kukaja mapendekezo mawili kutoka kwa hoteli anayoiuzia. La kwanza, achukue maji kutoka kwenye mashine yao ya kulainisha maji. Hili lingemmaliza. Mashine ile huondoa kalsiamu na magneziamu kwa kuzibadilisha na sodiamu. Kwa maji haya sodiamu ingepanda kutoka 46 hadi karibu 178, na baikaboneti ingebaki 5.0 bila kupungua hata kidogo. Kwa kufua nguo ni maji mazuri, kwa mizizi ni sumu ya polepole. La pili, anunue mashine ya kuchuja chumvi kwa shinikizo. Hiyo inafanya kazi, lakini inataka umeme, inataka vichujio vipya kila mara, na sehemu kubwa ya maji yanayoingia hutupwa kama maji ya chumvi. Kwa shamba la ukubwa ule sikuona haja.

Maji laini yalikuwa yanamdondokea juu ya bati. Unguja hupata mvua inayokaribia milimita 1,600 kwa mwaka, nyingi wakati wa masika na sehemu yake wakati wa vuli. Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa lake la nyumba na banda, mita za mraba 100 hivi, hata ukipoteza sehemu ya tano, lina zaidi ya lita 120,000 kwa mwaka, na shamba lake lilikuwa likitumia kama lita 100 kwa siku. Kikwazo ni matangi ya kuhifadhi, si mvua.

Ukichanganya nusu mvua na nusu bomba, kila namba ya ripoti inagawanyika kwa mbili: kalsiamu 45, magneziamu 7.5, sodiamu 23, baikaboneti 2.5. Sasa asidi ya fosfori peke yake, zile mililita 88, inaondoa 1.3 na kubakiza 1.2. Ni juu kidogo ya ninavyopenda, lakini inabebeka, na asidi ya naitriki haihitajiki tena. Hesabu ya chumvi inabadilika: kalsiamu naitreti gramu 553, magneziamu salfeti gramu 332, potasiamu naitreti gramu 477, potasiamu salfeti gramu 39. Ukizijumlisha unarudi kwenye 150, 40, 200, 150, 40, na EC ya 1.7. Amonia iliyomo kwenye kalsiamu naitreti nayo husaidia, kwani mzizi ukiila hutoa asidi. Hili ndilo pendekezo ambalo shamba liliamua kulifuata.

Majani yaliyokwisha kuwa ya njano hayakurudi; hayarudi. Machanga yaliyofuata yalitoka ya kijani, pH ikawa inatembea kati ya 5.8 na 6.6 na kurekebishwa kwa matone machache, na unga mweupe haukuonekana tena chini ya tangi. Kingo za ndani zilipungua kuungua baada ya kufungua pande za kitalu upepo upite, jambo ambalo halikuhusu mbolea kabisa.

Kwa asiye na maabara karibu, alkaliniti inaweza kukadiriwa kwa kile kichupa cha matone kinachouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, kinachopima KH. Kila tone ni digrii moja, na digrii 2.8 ni milimoli moja. Maji haya yangechukua matone 14. Njia nyingine ni kutwaa lita 10 za maji ya bomba, kuongeza asidi ya fosfori kidogo kidogo kwa bomba la sindano mpaka pH ifike 5.8, kuacha usiku kucha na kupima tena. Haitakuambia kalsiamu ni ngapi, lakini itakuonyesha kama una maji yanayopigana au la.

Na usichukue hesabu ya mtu mwingine. Nairobi hunywa maji ya Ndakaini na Sasumua kutoka milima ya Nyandarua, maji laini. Mkulima wa huko akifuata mfuko wa A na B neno kwa neno anapata karibu kile kilichoandikwa, na akimpelekea jamaa yake wa Unguja kipimo chake kwa nia njema kabisa, atamharibia. Miteremko ya Mlima Meru upande wa Arusha ina visima vyenye floraidi na sodiamu nyingi, baikaboneti juu na kalsiamu kidogo: huko asidi inahitajika kama Unguja, ila kalsiamu inatakiwa itiwe karibu yote.

Limebaki suala la sodiamu, ambalo asidi hailigusi. Saladi huichukua kidogo sana. Tangi linapotumia lita 100 kwa siku na kujazwa kwa maji ya bomba peke yake, kila siku zinaingia gramu 4.6 za sodiamu, na kwa siku 30 zinakuwa gramu 138 ndani ya lita 1,000, juu ya zile 46 za mwanzo, ukiondoa kidogo iliyoliwa. Mkulima akishikilia EC ya 1.8 wakati sodiamu na kloridi zinajikusanya, mbolea halisi inapungua kila siku bila mita kusema lolote. Kwa nusu mvua mzigo huo unakatwa nusu.

Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, matangi ya mvua yakikauka na visima vikivutwa sana, bahari husogea ndani ya jiwe. Bomba lake lilipanda kutoka 0.78 hadi 1.1. Hapo usizidishe kila kitu kwa uwiano ule ule ukadhani na kalsiamu imeongezeka. Alkaliniti ilipimwa tena ikakutwa karibu pale pale, kwa hiyo nyongeza yote ni chumvi ya bahari, na sodiamu imefika kama 115. Kwa miezi hiyo ratiba yake ni kupima bomba kila wiki, kupunguza idadi ya miche, na kumwaga tangi zima kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne badala ya kulijazia. Maji yanayomwagwa bado yana naitreti na potasiamu, na yanakwenda kwenye minazi iliyo nyuma ya banda, ambayo huvumilia chumvi kuliko zao lolote lililopo hapo. Migomba haipewi katika miezi hiyo.